Kioo cha Kawaida, Lenzi ya Floriti au Maada Ngeni? Ulinganisho kwa Wanaotaka Kupima Umbali wa Nyota Wakiwa Mwanza

Shule au kikundi cha wapenda anga kilichopo kando ya Ziwa Victoria, chenye fedha za kununua darubini moja tu, hukabiliwa na swali ambalo matangazo ya wauzaji hayalijibu: je, kioo au lenzi ya maada adimu itawapa umbali wa nyota ulio sahihi kuliko kioo cha kawaida? Siku hizi swali hilo limekuwa zito zaidi, kwa kuwa habari za maabara za ughaibuni zinataja lenzi bapa zinazopinda mwanga kwa tabaka jembamba kuliko unywele, maada zinazoupinda kinyume na mazoea, na atomi baridi zinazoifanya nuru itambae. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu au kiongozi wa kikundi wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema au Ukerewe ambaye haridhiki na kutazama pete za Zohali tu, bali anataka wanafunzi wake watoke na namba waliyoipima wenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba namna ya kupima huchaguliwa kwanza, na maada hufuata. Umbali wa angani hupatikana kwa njia chache zinazotofautiana sana: kwa kupima muda ambao leza hutumia kwenda na kurudi, kwa kupima pembe, kwa kulinganisha mwangaza, au kwa kusoma mistari ya spektra, yaani ya nuru iliyotawanywa kuwa rangi zake. Maada ileile inayosaidia sana katika njia moja huweza kuwa haina faida yoyote katika nyingine, na katika jambo moja, kama itakavyoonekana, floriti, ile fuwele ya kalisi floraidi inayosifiwa sana kwa usafi wa picha, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote zinazolinganishwa hapa.

Nuru ikicheleweshwa, je, nyota husogea?

Tuanze na hofu inayoulizwa mara nyingi. Mwaka 1999 kikundi cha mwanafizikia Lene Hau nchini Marekani kilipunguza mwendo wa nuru hadi mita 17 kwa sekunde kwa kuipitisha katika atomi za sodiamu zilizopozwa hadi karibu na sifuri halisi. Mtu akiwaza kipande cha maada ya namna hiyo chenye unene wa sentimita 10, nuru ingetumia takriban milisekunde 6 kukivuka, na katika muda huohuo nuru iliyo katika ombwe ingekuwa imekwenda zaidi ya kilomita 1,700. Kikiwekwa mbele ya chombo kinachopokea leza iliyorudi kutoka mwezini, na mpimaji asijue kwamba kipo, Mwezi ungeonekana umesogea mbali kwa kilomita karibu 880, kwa sababu muda wa safari hugawanywa kwa mbili.

Ni hesabu ya kweli, lakini haimhusu mpimaji wa nyota. Njia ya leza hutumika kwa vitu vya jirani tu. Vioo vya pembe, vinavyoirudisha nuru ilikotoka, vilivyoachwa mwezini na safari za Apollo 11 mwaka 1969, na za Apollo 14 na 15 mwaka 1971, vimetengenezwa kwa silika iliyoyeyushwa, na nuru hutumia sekunde mbili na nusu hivi kwenda na kurudi. Silika hiyo nayo huichelewesha nuru, ila kwa kiasi kinachohesabika kwa sentimita, na kwa kuwa unene wake na uwezo wake wa kupinda mwanga vinajulikana, kiasi hicho huondolewa kwenye hesabu. Ndiyo maana vipimo hivyo vimeweza kuonyesha kwamba Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Nyota, kwa upande wake, haipimwi kwa saa. Hakuna aliyesimama huko kubonyeza kitufe nuru ilipoondoka, hivyo kuicheleweshea safari ndani ya darubini, kwa nanosekunde au kwa siku nzima, hakubadilishi umbali unaotafutwa.

Spektra nayo ina kinga yake. Maada iliyotulia hubadilisha mwendo wa nuru na urefu wa wimbi lake ikiwa ndani, lakini haibadilishi idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde. Ngoma ikipigwa nyumba ya jirani, ukuta hufifisha sauti, ila hesabu ya mapigo inabaki ileile. Wimbi likitoka upande wa pili wa lenzi hurudia urefu wake wa awali, na kule kusogea kwa mistari kuelekea wekundu, ambako ndiko kunakopima kasi ya galaksi na kwa kupitia kasi hiyo umbali wake, kunabaki salama.

Maada inayomponza mpimaji wa spektra ni hewa. Majedwali ya mistari huandikwa ama kwa urefu wa wimbi katika ombwe ama kwa urefu wake katika hewa, na tofauti ya viwili hivyo ni kama asilimia 0.028. Anayechanganya majedwali hayo hujiongezea kasi bandia ya kilomita 83 kwa sekunde, na akiigeuza kasi hiyo kuwa umbali kwa kutumia kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka ya nuru milioni 3.26), anapata kosa linalokaribia miaka ya nuru milioni 4, umbali unaozidi ule uliopo kati yetu na galaksi ya Andromeda. Hewa hii ndiyo tunayoivuta, nayo haimo katika orodha ya bei ya muuzaji yeyote.

Umbali kwa mwangaza: rangi ndiyo yenye neno

Sasa tuwaweke mezani wagombea wanaonunulika. Wa kwanza ni darubini ya kioo (yaani kioo kinachoakisi nuru) ya mtindo wa Newton yenye kipenyo cha sentimita 20, ambayo kioo chake kikuu huwa cha kawaida kama cha dirisha au cha borosilikati, ile familia ya vyombo vya kuokea vya Pyrex. Wa pili ni darubini ya lenzi ya sentimita 8 ambayo mojawapo ya lenzi zake ni ya floriti au ya kioo maalumu kinachoiga floriti. Wa tatu ni darubini ya lenzi ya bei nafuu yenye vipande viwili vya kioo cha kawaida, na huyu nimemweka hasa ili akikataliwa akataliwe kwa haki.

Namba ya Abbe hueleza jinsi maada inavyojizuia kutawanya rangi: ikiwa kubwa, rangi hutawanyika kidogo. Kioo cha lenzi aina ya BK7 kina 64, kioo kizito aina ya F2 kina 36, floriti ina 95, na kioo cha FPL-53 cha kampuni ya Ohara kinakaribia kulingana nayo. Kwa hiyo mgombea wa pili hutoa picha ambayo nyota nyeupe haina ukingo wa zambarau, na wa tatu hutoa ukingo huo bila kificho. Mgombea wa kwanza hayumo kabisa katika mashindano haya, kwa sababu kioo kinachoakisi hakipindi nuru kwa kuipitisha ndani yake. Nyekundu na buluu huangukia mahali pamoja, kiwe cha dirisha au cha gharama kubwa.

Kwa nini rangi ina uzito katika umbali? Tuchukue nyota za Sefeidi, ambazo huongezeka na kupungua mwangaza kwa mpangilio usiobadilika. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionyesha, kwa nyota 25 za aina hiyo katika Wingu Dogo la Magellan, kwamba zile zenye mzunguko mrefu ndizo zenye mwangaza mkubwa zaidi. Tangu hapo, ukijua mzunguko unajua mwangaza halisi, na ukilinganisha mwangaza halisi na ule unaoonekana unapata umbali. Kosa la sehemu ya kumi ya magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota, ambacho namba ndogo ni ya nyota angavu zaidi) katika mwangaza unaoonekana huzaa kosa la asilimia 5 hivi katika umbali. Nyota hizi hubadilisha joto zinapopumua, kwa hiyo rangi yake hubadilika katika kila mzunguko. Lenzi ambayo buluu yake humwagika nje ya duara la kupimia itapoteza nuru nyingi wakati nyota ina joto na kidogo wakati imepoa, na mchoro wa mwangaza utapindishwa na chombo.

Mwanza ina bahati ya pekee hapa. Mji upo nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, na kundinyota la Ukabu (Aquila) hupita karibu na utosi jioni za Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi. Ndani yake kuna Eta Aquilae, ambayo Edward Pigott aligundua kubadilika kwake mwaka 1784, yenye mzunguko wa siku 7.2 na magnitudo inayopanda na kushuka kati ya 3.5 na 4.4 takriban. Hii, nakiri, haihitaji darubini hata kidogo: kamera ya kawaida juu ya stendi inatosha, na darubini kubwa hukosa hata nyota inayolingana nayo ndani ya uwanja wake mdogo. Darubini hupata kazi kwa TT Aquilae, iliyo katika kundi hilohilo, yenye mzunguko unaokaribia siku 14 na magnitudo ya kati ya 6.5 na 7.7.

Kwa nyota ya namna hiyo darubini ya kioo ya sentimita 20 inamshinda mpinzani wake waziwazi. Hata baada ya kutoa kivuli cha kioo kidogo kilicho mbele yake, na nuru inayopotea kwa kuakisiwa mara mbili na alumini, bado hukusanya nuru mara nne na nusu hivi zaidi ya lenzi ya sentimita 8. Wapo wanaoogopa kwamba alumini iliyofifia itaifanya nyota ionekane hafifu na kwa hiyo mbali zaidi. Hofu hiyo haina msingi maadamu nyota inalinganishwa na jirani yake katika picha ileile, kwa kuwa zote mbili zimeakisiwa na kioo kilekile na hasara yake hujifuta.

Hata hivyo, jambo ambalo ningetaka mwalimu alisikie kabla ya kuagiza chochote ni hili: kichujio cha kijani cha kupimia mwangaza, kile kinachoitwa cha V, huondoa buluu na zambarau kabla hazijafika kwenye kamera, na kwa kufanya hivyo huziba sehemu kubwa ya pengo lililopo kati ya lenzi ya bei nafuu na lenzi ya floriti. Mtu aliyenunua floriti akaacha kichujio amelipa zaidi na amepima vibaya zaidi.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna mgombea anayeitibu. Vumbi la Njia Nyeupe lililotanda upande wa Ukabu hufifisha nyota, na nyota iliyofifishwa hukokotolewa kuwa mbali kuliko ilivyo. Dawa yake ni kupima kwa rangi mbili na kukadiria wekundu uliosababishwa na vumbi, au kuhamia kwenye mionzi isiyoonekana iliyo chini ya nyekundu, ambayo hulipenya vumbi kwa urahisi. Hapo ndipo maada ngeni inapopata kazi ya kweli. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo cha vipande 18 vya beriliamu vilivyopakwa dhahabu: beriliamu kwa sababu hubadilika umbo kidogo sana kwenye baridi kali ambako darubini hiyo hufanya kazi, na dhahabu kwa sababu huakisi mionzi hiyo vizuri mno. Dhahabu hiyohiyo hula buluu, na beriliamu katika joto letu hutanuka kuliko kioo cha dirisha. Kioo cha Webb kikiletwa Kirumba kingekuwa chombo duni cha kupimia nyota ya kawaida.

Umbali kwa pembe: joto huingia mlangoni

Njia ya pembe ndiyo mama wa zote, kwa kuwa haihitaji kujua chochote kuhusu nyota yenyewe. Dunia inapohama kutoka upande mmoja wa Jua hadi mwingine, nyota ya karibu huonekana imesogea mbele ya zile za mbali. Kusogea huko, yaani paralaksi, ni kudogo mno: Friedrich Bessel alipotangaza paralaksi ya 61 Cygni mwaka 1838, alikuwa amepima takriban theluthi moja ya sekunde ya tao, na sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600.

Katika kipimo kidogo kiasi hicho, kutanuka kwa maada kunapewa uzito mkubwa, na takwimu zake zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Kwa kila nyuzi moja ya joto, kioo cha dirisha hutanuka kwa sehemu 9 hivi katika milioni, borosilikati kwa 3.3, silika iliyoyeyushwa kwa karibu nusu tu, na Zerodur, ambayo ni kauri ya kioo iliyobuniwa kwa ajili hiyo, kwa kiasi kinachokaribia sifuri. Floriti hutanuka kwa karibu 19, na FPL-53 kwa zaidi ya 14. Maada inayoongoza kwa rangi ndiyo inayoburura mkia kwa joto, na sijawahi kuona tangazo linaloziweka sifa hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Je, mnunuzi wa Mwanza akimbilie silika au Zerodur? La, na sababu imo katika takwimu hizohizo. Joto likishuka kwa nyuzi 10 kati ya alasiri na usiku, kioo cha dirisha cha sentimita 20 hupungua kwa chini ya sehemu mbili za mia za milimita. Bomba la alumini lenye urefu wa mita moja, ambalo ndilo linalobeba kioo na kamera, hupungua kwa milimita 0.23. Anayefunga kioo cha Zerodur ndani ya bomba la alumini ameimarisha kiungo kilichokuwa na nguvu tayari na kuacha kile kinacholegea. Tatizo halisi la kioo cha dirisha ni kipindi cha kupoa, ambapo uso wake hutangulia na kiini chake hubaki na joto, hivyo umbo lake huharibika kwa muda. Borosilikati hupunguza tatizo hilo kwa karibu theluthi mbili, na feni ndogo ya kupuliza nyuma ya kioo, pamoja na subira ya saa moja, humaliza lililobaki.

Historia inaunga mkono kiasi hicho cha staha. Darubini ya Hooker ya mita 2.5 kule Mount Wilson, ambayo kwayo Edwin Hubble alipata mwaka 1923 Sefeidi iliyothibitisha kwamba Andromeda ipo nje ya galaksi yetu, ilikuwa na kioo cha kawaida kilichotoka Saint-Gobain nchini Ufaransa, cha rangi ya kijani kama chupa ya mvinyo na kilichojaa viputo. Borosilikati ya Pyrex ilikuja baadaye, katika kioo cha mita 5 cha Palomar kilichomiminwa mwaka 1934.

Shabaha ya paralaksi kwa kikundi cha Mwanza ni nyota ya Barnard. Ni ya magnitudo 9.5, ipo karibu miaka ya nuru 6 kutoka kwetu, na paralaksi yake ni sekunde 0.55, kwa hiyo katika mwaka huyumba kwa zaidi ya sekunde nzima huku ikikimbia angani kwa sekunde 10.4 kila mwaka. Mbio hizo ni lazima zitenganishwe na kuyumba, jambo linalodai picha za zaidi ya mwaka mmoja. Wakati bora ni karibu na Machi alfajiri na Septemba jioni. Septemba haina shida, ila Machi huangukia mwanzoni mwa masika, na kikundi chenye busara huanza kupiga picha mapema, mwezi Februari.

Hapa pia kusinyaa kwa bomba kunaonekana kuwa tishio, kwa kuwa badiliko la asilimia 0.02 katika kipimo cha picha, kwa nyota iliyo umbali wa sekunde 300 kutoka kwa jirani yake, ni sekunde 0.06, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya paralaksi inayotafutwa. Lakini nyota za nyuma zilizo katika picha ni rula tosha: mahali pake panajulikana kutoka katalogi ya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya, na kila picha hujipimia ukubwa wake upya. Kisichojifuta ni rangi. Barnard ni nyekundu na majirani wake wengi ni weupe zaidi, na angahewa hupinda buluu kuliko nyekundu. Nyota ikiwa nusu ya njia kati ya upeo na utosi, tofauti kati ya ncha mbili za rangi zinazoonekana huzidi sekunde moja ya tao, yaani huimeza paralaksi yote. Barnard ikivuka meridiani ya Mwanza, yaani mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, huwa nyuzi 7 tu kutoka utosini, na tofauti hiyo hushuka chini ya sekunde 0.2. Mpimaji wa London hana fursa hiyo hata akiwa na kioo cha almasi. Kichujio chekundu hupunguza kilichobaki.

Mtu akitaka kujua maada ngeni inafika wapi katika njia hii, aitazame Gaia yenyewe. Chombo hicho cha Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kumaliza kupima Januari 2025, kilitengenezwa vioo vyake na fremu yake kwa kabidi ya silikoni, maada nyepesi, ngumu, na inayosambaza joto haraka kiasi kwamba hakuna upande unaobaki na joto peke yake. Darubini zake mbili zilitazama pande zilizotengana kwa nyuzi 106.5, na usahihi wote ulitegemea pembe hiyo isitikisike. Ilitikisika hata hivyo, kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao hivi, ikifuata mzunguko wa chombo wa saa 6. Kipimo maalumu cha leza kilikuwa kikiifuatilia, na hesabu ziliondoa sehemu kubwa ya kosa. Bado paralaksi zilizotolewa mwaka 2020 zilibaki pungufu kwa wastani wa sehemu 17 za milioni za sekunde ya tao, kama ilivyogunduliwa kwa kutazama kweza, yaani viini ving'avu vya galaksi, ambazo zipo mbali kiasi kwamba paralaksi yake ilipaswa kuwa sifuri.

Upungufu huo ni mdogo kuliko akili inavyoweza kuuwaza, na kwa Barnard hauna maana yoyote. Kwa Wingu Kubwa la Magellan mambo hugeuka. Umbali wake, uliopimwa mwaka 2019 kwa nyota pacha zinazofunikana kwa zamu, na kwa usahihi wa asilimia 1, ni parseki 49,600 hivi, na paralaksi ya umbali huo ni sehemu 20 za milioni za sekunde ya tao. Kosa la chombo linakaribia kulingana na kitu kinachopimwa. Kwa hiyo hata maada bora kuliko zote haikuwapa wataalamu umbali ulio tayari. Iliwapa kosa lililotulia vya kutosha kuweza kupimwa na kuondolewa.

Lenzi bapa na maada za kinyume

Sehemu hii itakuwa fupi kwa sababu hakuna cha kununua. Mwaka 2024 watafiti wa Harvard walionyesha lenzi bapa ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 10, iliyochongwa nguzo ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na wakapiga nayo picha za Jua na Mwezi. Ni kazi ya kupendeza. Lakini lenzi ya aina hiyo inayokusanya nuru nyekundu ya nanomita 633 kwa umbali wa mita 1.5 hukusanya buluu ya nanomita 450 kwa umbali wa mita 2.1, na ukilinganisha na hili, ukingo wa zambarau wa mgombea wetu wa tatu ni jambo dogo. Maada zinazopinda mwanga kinyume, zilizofikiriwa na Victor Veselago katika miaka ya 1960, zilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwa mawimbi ya maikrowevu, na hazijawa kioo cha darubini. Anayeuziwa leo darubini kwa jina hilo anauziwa jina.

Ziwa nalo lina usemi

Unyevu wa ziwa huamua mambo ambayo jedwali la maada haliyagusi. Madini ya fedha huakisi nuru kuliko alumini, lakini huchakaa upesi mahali penye unyevu na moshi, kwa hiyo ufukweni inafaa alumini yenye tabaka la kinga la silika. Kuvu hushambulia lenzi na vioo vikifungiwa ndani ya boksi vikiwa bado na umande; chombo kikaushwe kwanza, kisha kihifadhiwe na vifuko vya silika jeli. Kioo kikuu kilichoharibika kinaweza kupakwa alumini upya, ilhali lenzi iliyoliwa na kuvu mara nyingi haiponi.

Mawe makubwa ambayo mji huu unajulikana kwayo hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, na hewa inayopanda juu yake huitetemesha picha ya nyota kuliko kioo chochote kinavyoweza kuiharibu. Uwanja wa nyasi ni bora kuliko juu ya mwamba, ingawa juu ya mwamba ndiko kila mtu hutaka kupanda. Kisha wapo wavuvi wa dagaa, ambao hutoka na taa zao katika giza la mwezi, yaani katika usiku uleule ambao mpimaji anautaka. Hawana kosa, walikuwapo kabla ya darubini. Chombo kigeuziwe upande wa nchi kavu, au ipimwe nyota iliyo utosini.

Nani achague nini

Kikundi chenye mahali pa kudumu pa kuweka chombo, Nyegezi au Igoma tuseme, kinunue darubini ya kioo cha borosilikati cha sentimita 20, na tofauti ya bei kati yake na kitu chochote cha kifahari zaidi iende kwenye vichujio vya kijani na chekundu na kwenye stendi inayofuata nyota bila kutikisika. Ikiwa borosilikati haipatikani, kioo cha dirisha chembamba chenye feni hakitawaangusha katika TT Aquilae wala katika Barnard.

Shule ambayo haina hata fedha hizo isijihesabu kuwa imeachwa nje. Lenzi ya bei nafuu na kamera ya simu vinatosha kupima umbali wa Mwezi kwa kushirikiana na shule ya Cairo, mji ulio karibu katika meridiani moja na Mwanza na ulio umbali wa kilomita 3,600 hivi. Picha mbili zikipigwa kwa dakika ileile, Mwezi utaonekana umesogea mbele ya nyota kwa kiasi kinachokaribia upana wake wenyewe, na katika kusogea kukubwa hivyo hakuna tofauti ya maada inayoonekana. Nyota angavu au sayari iliyo jirani na Mwezi usiku huo ndiyo alama ya kulinganishia, na siku ichaguliwe kwa kuifuata alama hiyo.

Lenzi ya floriti au ya FPL-53 ninaipa nafasi kwa mtu mmoja: mwalimu anayehamisha chombo mara kwa mara, kwa mfano anayevuka kwa kivuko kwenda Ukerewe na kurudi, kwa kuwa darubini ya kioo hutikisika safarini na kudai kulinganishwa vioo vyake kila inapofika, ilhali lenzi hufika ikiwa tayari. Huyo aulize kabla ya kulipa kama lenzi laini ya floriti imewekwa nyuma, ikikingwa na ile ngumu iliyo mbele, maana kitambaa kimoja chenye mchanga wa ufukweni kinatosha kuikwaruza. Na jioni akishafungua chombo, airekebishe fokasi zaidi ya mara moja kadiri hewa inavyopoa.